Franka ya mu simu: siku rezo inakatika, feza inabaki ya nani?

Mwanzoni mwa 2025 wakaaji wa Goma na wa Bukavu walijifunza somo lenye hakuna mutu alikuwa ameomba. M23 iliingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza, ikaingia Bukavu katikati ya mwezi wa pili, na banki zikafunga milango. Haikuwa kwa siku mbili ao tatu. Mwalimu mwenye mushahara wake ulikuwa ndani ya konti aliona namba, lakini hakuona noti. Mufanyabiashara mwenye alikuwa na dola 3000 banki alikuwa tajiri kwenye karatasi, na jioni anakopa unga kwa jirani. Wengine walivuka mupaka kwenda Gisenyi kutafuta masini ya kutolea feza. Wengine walilipa wenye kabini za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money komisio juu ya komisio, ili namba igeuke noti ya kupeleka ku soko.

Tunarudilia habari hii kwa sababu ya maneno yenye inasikika zaidi na zaidi: feza ya dijitali ya banki kuu. Haiko jambo la Congo peke yake. Banki ya Basel yenye kukusanya banki kuu za dunia, BIS, iliuliza banki kuu 86 katika 2023, na asilimia 94 zikajibu kwamba zinachunguza jambo hilo kwa namna moja ao ingine. Hapa kwetu, Banque Centrale du Congo haijatoa franka ya namna hiyo. Franka yenye tunajua ni ile ya noti. Lakini siku inaweza kufika, mukubwa mumoja wa Kinshasa asimame mbele ya kamera na kusema iko tayari. Itakuwa muzuri sisi watu wa mashariki tuwe tumekwisha kufikiri, maana mazoezi tulifanya tayari, bila kupenda.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Watu wengi watasema: lakini tuko nayo tayari, si ni M-Pesa? Hapana, haiko kitu kimoja. Ukiweka franka 50 000 kwenye M-Pesa, ile namba unaona ni ahadi ya kampuni ya simu. Kampuni inapaswa kuwa na feza ya kweli mahali fulani banki, na inakuambia: ukiitaka, tutakupa. Ukiweka feza banki, ni vile vile, ahadi ya ile banki. Noti peke yake njo ahadi ya Banki Kuu yenyewe: hakuna mutu katikati. Franka ya dijitali ingekuwa noti yenye haina karatasi. Hata kampuni ya simu ikianguka, hata banki ikifunga, ile franka ingebaki deni ya Banki Kuu kwako. Hiyo njo tofauti, na haiko ndogo. Kwa mutu mwenye aliona banki yake ikifunga, ni tofauti kubwa kabisa.

Na tusikatae kwamba kuna faida. Tangu 2011 leta ilianza kulipa watumishi wake kupitia banki. Hapo wa Goma, wa Bukavu, wa Bunia walipona, kidogo. Lakini mwalimu wa ndani ndani ya Walikale ao ya Shabunda, banki iko wapi? Kwa sehemu nyingi ilibidi Caritas njo ibebe mishahara ya walimu mpaka kwenye vijiji, kwa njia zenye tunajua. Noti ni muzigo. Inasafiri kwa ndege, kwa gari, kwa pikipiki, kwa mutumbwi, na kila mahali kuna mutu mwenye anaiangalia kwa macho mabaya. Noti inachakaa pia. Noti ya franka 500 yenye imepita kwenye mikono ya wauza samaki wa Kituku kwa miaka, mara mingi imekuwa kama kitambaa, na mwenye duka anaipindua mara tatu mbele ya kuikubali. Mushahara wenye unatoka Kinshasa na kuingia moja kwa moja mu simu ya mwalimu, bila mutu wa katikati kukata kitu, nani atasema ni mubaya?

Lakini turudi kwenye 2025, maana pale njo jibu liko.

Ni nini ilikosekana? Haikuwa simu. Wakati rezo ilikuwako, feza ya mu simu iliendelea kutembea, na ndugu wa Kinshasa ao wa Lubumbashi aliweza kutuma. Chenye kilikosekana ni noti. Noti mupya zinatoka Banki Kuu, na tawi la Banki Kuu lilikuwa limefunga. Zinafika kwa ndege, na uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefunga. Kwa hiyo noti zenye zilibaki muji zikaanza kufichwa. Mwenye kuwa nayo aliishika, na mwenye kuwa na namba mu simu alilazimika kuibembeleza. Hapo franka moja ikawa na bei mbili: bei ya mukononi na bei ya mu simu. Ukiwa na 100 000 mu simu, haukuwa na 100 000. Ulikuwa na 100 000 kutosha komisio ya siku ile, na komisio ya siku ile ilikuwa inaamuliwa na mwenye alikuwa na noti.

Sasa tuchukue mama mwenye anauza makala pa Virunga, tumuangalie vizuri. Munamulipa kwa simu, anakubali. Lakini makala inatoka Masisi ao Rutshuru. Mwenye kuichoma yuko mahali rezo haifike, ao inafika ukipanda kilima. Hawezi kukubali namba. Anataka noti, kwa sababu naye anapaswa kulipa wenye kubeba, na wenye kubeba wanapaswa kulipa kwenye kizuizi, na kwenye kizuizi hakuna mutu anasema "nitumie kwa Airtel Money". Munaona? Hata mukimupa mama yule franka ya dijitali ya Banki Kuu yenyewe, yenye haiwezi kufilisika, bado jioni atatafuta mutu wa kumugeuzia kuwa noti. Na ule mutu atamukata. Kubadilisha jina la mwenye kuahidi, kutoka Vodacom mpaka Banki Kuu, hakuongeze noti hata moja kwenye soko.

Kwa hiyo swali la kwanza haiko kama programu ni ya kisasa. Swali ni hili: franka moja ya mu simu itageuka franka moja ya mukononi, bila kukatwa, hata siku mbaya? Na nani atalipa bei ya kuleta noti mpaka Sake, mpaka Kamituga, mpaka Mahagi? Kama jibu ni "wenye kabini watajipanga", basi tumerudi pale tulikuwa, na jina mupya juu yake.

Swali la pili ni gumu zaidi, na hapa mutu anapaswa kusema polepole. Ni kifunguo. Nani anakishika?

Katika 2025 banki hazikufunga zenyewe kama mutu mwenye amelala. Kinshasa ilitaka zifunge katika sehemu zenye zilitoka mukononi mwake, na sababu zake zinaeleweka: usalama wa wafanyakazi, feza yenye iko kwenye makasha, woga kwamba itaingia kwenye mufuko wa wenye kupigana naye. Mwezi wa nne, AFC/M23 ikafungua CADECO pa Goma kwa upande wake, na serikali ikasema kazi hiyo haiko halali. Mukaaji wa kawaida alikuwa katikati. Hakuna mutu alimuuliza. Chenye kilimusaidia siku hizo ni noti zenye zilikuwa chini ya godoro, ao kwenye kisanduku cha AVEC cha mamama wa kartie, ao kwenye likelemba. Ile noti haikuuliza Kinshasa ruhusa, na haikuuliza mwenye bunduki.

Franka ya dijitali iko namna ingine. Kama daftari yake yote iko kwenye masini ya Kinshasa, basi mutu mwenye anakaa mbele ya ile masini anaweza kusema: sehemu hii, tunasimamisha. Pengine atakuwa na sababu ya muzuri. Pengine atakuwa anatafuta watu kumi wabaya. Lakini watu milioni mbili watalala njaa pamoja na wale kumi. Na upande wa pili, mwenye anashika muji anaweza kukata antene, anaweza kulazimisha kampuni, anaweza kusimamisha mutu ku njia na kusema: fungua simu, tuone uko na ngapi na nani alikutumia. Katika inchi ya amani wanaita hiyo "swali la siri ya maisha ya mutu" na wanafanya mikutano ya kujadiliana. Kwetu, jina kwenye liste limekwisha kuua watu.

Wazee watasema: noti nayo haiko takatifu. Wako na haki. Mwishoni mwa 1979 Mobutu aliondoa noti za zaire 5 na zaire 10 kwa siku chache tu. Mwenye alikuwa mbali na banki, na mashariki karibu kila mutu alikuwa mbali na banki, aliamuka na gunia ya karatasi. Mwanzo wa 1993, wanajeshi walilipwa kwa noti ya zaire milioni 5, yenye Tshisekedi baba alikuwa amesema haina bei. Wenye maduka Kinshasa wakaikataa, na muji ukaporwa. Mubalozi wa Ufaransa alikufa siku hizo. Mwaka ule ule wakatoa zaire mupya, moja kwa milioni 3 za zamani, na Kasai ikaikataa kabisa, ikaendelea na zile za zamani. Kisha 1998 ikaja franka, moja kwa zaire mupya 100 000. Kwa hiyo karatasi nayo inaweza kuuawa. Lakini angalia vizuri habari ya Kasai. Watu waliweza kukataa kwa sababu feza ilikuwa kwenye mikono yao. Feza yenye iko kwenye masini ya mutu mwingine, haiwezekani kuikatalia kubadilishwa. Unaamuka, imekwisha kubadilika.

Na kuna jambo lingine la kutumainiana, karibu zaidi na sisi. Munakumbuka RAM? Hakuna mwenye simu amesahau. Kuanzia 2020 leta ilisema inaandikisha simu zote, na feza ikaanza kutoka kwenye inite za watu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G na ya 4G. Unaweka inite asubuyi, unataka kupiga, unakuta zimekatwa. Watu walilalamika mpaka wabunge wakasikia, na mwanzo wa 2022 ikasimamishwa. Sisemi franka ya dijitali itakuwa RAM ya pili. Nasema siku wataileta, mama wa soko atauliza jambo hilo mbele ya lingine lote: mutaweza kuingia ndani na kujikatia? Na jibu la "hapana, tunaahidi" halitamutosha. Ni lazima iandikwe kwenye sheria, na ni lazima kuwe mahali pa kushitaki.

Halafu kuna dola. Katika banki za Congo, zaidi ya asilimia 80 ya feza zenye watu wameweka ni dola, haiko franka. Nyumba inapangishwa kwa dola, kiwanja kinauzwa kwa dola, masomo ya chuo kikuu kwa dola. Franka ni ya sombe, ya fretini, ya moto-taksi. Na mashariki tunaongeza zingine: Uvira wanajua franka ya Burundi, Goma na Bukavu wanajua franka ya Rwanda, na ukifika Aru ao Mahagi, shilingi ya Uganda njo inaongea. Banki Kuu inaweza kutoa franka ya dijitali. Haiwezi kutoa dola ya dijitali. Kwa hiyo chombo hiki kipya kitafanya kazi zaidi kwenye malipo madogo madogo, kwa watu wenye hawana simu kubwa, mahali rezo ni zaifu. Yaani wataanzia pale kuko nguvu zaidi. Wenye kuwa na akiba ya kweli watabaki kwenye dola yao, na hawataona tofauti.

Wengine wametangulia mbele yetu, na tunaweza kuwaangalia. Nigeria ilitoa eNaira tarehe 25 mwezi wa kumi 2021, kwa sherehe. Uchunguzi wa FMI wenye ulitoka 2023 ulionyesha kwamba katika juma moja, asilimia 98,5 ya mifuko ya eNaira haikutumiwa hata mara moja. Watu walifungua, wakaacha. Kisha mwanzo wa 2023 Nigeria ikabadilisha noti haraka haraka, noti zikakosekana, watu wakapanga mistari kwenye banki mpaka wakakasirika, na tarehe 3 mwezi wa tatu mahakama kuu ikaamua kwamba noti za zamani ziendelee kutumika mpaka mwisho wa mwaka. Hata katika shida ile, na feza ya dijitali ya banki kuu ikiwa pale, watu walichotaka ni noti. Kwenye visiwa vya mashariki mwa Karibea, DCash ilisimama mwanzoni mwa 2022 kwa karibu miezi miwili sababu ya mambo ya kiufundi. Miezi miwili! Hakukuwa vita, hakukuwa volkano. Na Kenya, inchi yenye ilifundisha Afrika kutumia feza ya mu simu, banki yake kuu iliuliza watu katika 2022, na mwaka wenye kufuata ikasema jambo hili haliko la haraka kwao. Kama Kenya yenye M-Pesa imeenea kila kona inasema tungoje, sisi wenye antene inalala saa yenye mafuta ya jenereta inaisha tunakimbilia nini?

Kuna jaribio moja lenye linanipa moyo kidogo, na ni la Ghana. Kwenye kijiji cha Sefwi Asafo walijaribu e-cedi yenye inafanya kazi bila intaneti. Unakuwa na karte yenye feza iko ndani yake. Unaigusanisha na chombo cha mwenye duka, feza inahama, hata kama rezo hakuna. Hiyo inakaribia noti ya kweli. Iko na matatizo yake: ukipoteza karte umepoteza, kama noti, na banki kuu inaogopa mutu mujanja asilipe mara mbili na feza ile ile, kwa hiyo wanaweka kipimo cha feza ndogo tu. Lakini kwa mwenye kuchoma makala Masisi, karte ya feza ndogo yenye inafanya kazi gizani ni bora kuliko programu ya simu kubwa yenye inangoja rezo irudi. Kama Kinshasa ingekuja na kitu cha namna hiyo, na kuanza kukijaribu Lubero ao Fizi mbele ya Gombe, ningesikiliza. Kwa kawaida wanaanza Gombe.

Kitu kingine chenye hakihitaji kungoja dijitali yoyote: leo ukiwa na feza Airtel na muuzaji yuko na M-Pesa, munasumbuka. Banki Kuu inaendelea na kazi ya kuunganisha banki na kampuni za simu kwa njia moja ya taifa, ili feza ipite kutoka huku mpaka huku bila kulipa kama unavuka mupaka. Hiyo ikikamilika, na komisio ikashuka, mama wa Kadutu atapata sehemu kubwa ya faida yenye wanaahidi kwa franka ya dijitali, na hatapaswa kutumainia daftari mupya.

Sheria ya tarehe 13 desemba 2018 njo inapanga kazi ya Banki Kuu. Feza ya namna mupya itapaswa kupita pale, yaani kwa wabunge, na wabunge wa Kivu mbili, wa Ituri na wa Tanganyika wako na simu zenye zinaita. Mutu mwenye atapata mubunge wake anaweza kumuuliza mambo machache tu. Muuzaji atakuwa na haki ya kudai noti, ao atalazimishwa kupokea namba? Ni nani mwenye anaweza kufunga mufuko wa mutu, na kwa barua ya mahakama gani? Na kama eneo linatoka mukononi mwa serikali usiku, kesho asubuyi franka ya mukaaji wa pale inafanya kazi ao haifanyi? Swali hili la mwisho, mutu wa Matadi hatalifikiria, na haiko kosa lake. Ni sisi njo tunalijua.

Kwa sasa, pa kabini ya kona, kazi inaendelea kama kawaida: mutu anataka kutoa franka 20 000, mwenye kabini anafungua kisanduku, anahesabu za 500 zenye zimepasuka, anasema hazitoshe, rudi saa kumi.